Kibao cha Arobaini na Saba

Mama Ntumba alimtazama mume wake akikaza waya kwenye nguzo ya chuma, akashindwa kujua kama acheke au amnyang'anye koleo.

"Tata Ndaya, unafunga namba. Nyumba yenyewe iko wapi?"

"Iko hapa," Tshilombo, baba wa Ndaya, alijibu bila kugeuka, kipande cha waya kikiwa kati ya meno yake. "Unalala ndani yake kila siku, na hauiyone?"

Hiyo nyumba ilikuwa turubai moja ya kijani na shuka mbili, vyote vimeshikizwa kwenye nguzo mbili za uzio wa stesheni ya Kolwezi. Nguzo zilikuwa vipande vya reli za zamani vilivyosimikwa wima kandokando ya njia ya gari moshi. Waya wake wa miiba ulikwisha kuibwa zamani, lakini nguzo zilikuwa nzito kuliko wezi, zikabaki. Mwaka huo wa 1993 ziligeuka mali. Watu ambao babu zao waliletwa kutoka Kasai kuchimba shaba waliambiwa warudi kwao, ingawa wengi wao hawakuwahi kuiona hiyo kwao hata siku moja. Walitolewa kwenye nyumba za kampuni, mtaa baada ya mtaa, wakaja kungoja gari moshi. Likija moja, linabeba wachache, na kesho yake stesheni imejaa tena. Mwenye nguzo alikuwa na ukuta. Asiye na nguzo alilala nje na watoto wake.

Siku ile vijana waliokuja kuwatoa walipokuwa wakitupa masufuria ya Ntumba barabarani, Tshilombo hakugombana nao. Alichukua bisibisi, akapanda juu ya ndoo, akafungua kibao cha buluu kilichokuwa juu ya mlango, chenye namba nyeupe: 47. Kijana mmoja alimcheka kwa jina la mdudu walilowapa watu wa Kasai.

"We kilulu, unaacha kitanda, unabeba namba?"

"Kitanda niliuziwa," Tshilombo alisema. "Hii namba niliifunga miye."

Kufunga ndiyo ilikuwa kazi ya maisha yake. Kwa miaka mingi alikuwa mkubwa wa kikosi cha uzio kwenye mashimo ya shaba. Walisimika nguzo za chuma, wakazivika mikono ya kubebea waya wa miiba na vikombe vya kaure vya kupitishia waya wa umeme, na mwishoni wakafunga vibao vya hatari vyenye fuvu la kichwa. Watu wengi wa Kolwezi hawakulijua jina lake, lakini karibu wote walikuwa wamewahi kuzuiwa na kazi yake.

Tena alikuwa na namna yake. Waya unapita nyuma ya nguzo mara mbili, unasokotwa mizunguko mitatu, halafu ncha yake, ambayo yeye aliiita mkia, inakunjwa kwa ndani nyuma ya kibao, isimkwaruze mtu. Mfanyakazi aliyeacha mkia nje alifungua yote na kuanza upya, hata kama kengele ya kurudi nyumbani imekwisha kulia.

"Mkia inje," alikuwa akiwaambia, "ni kazi ya mutu mwenye bukari yake inapoa kwa sahani."

Alipomaliza kufunga pale stesheni, alirudi nyuma hatua chache, akainamisha kichwa, akatazama. Arobaini na saba iling'aa juani, imenyooka kama iko ofisini. Ntumba alicheka kwa mara ya kwanza tangu watoke nyumbani.

"Haya, Tata Ndaya. Sasa tuko na adresi."

*

Hakikuwa kichaa, kile kibao. Kilifungwa kwa sababu ya neno la Kabemba.

Kabemba alikuwa kijana wa kikosi kile kile, ndiye ambaye Tshilombo alimfundisha kukunja mkia ndani, na ndiye aliyemwomba Ndaya, binti yao. Watu wake walikuwa Waluba wa upande wa Lubudi, wenyeji wa Katanga, hakuna aliyewafukuza. Maneno ya mwanzo yalisemwa na wanaume peke yao, kazini na kwenye bia, na siku ya kuleta doti, yaani mahari, ilikuwa imepangwa: wakwe wangekuja nyumbani, kwenye namba 47, akina mama wangeonana, mambo yangekwisha. Kisha vurugu zikaanza, kampuni ikafunga karakana moja baada ya nyingine, na nyumba ikaenda.

Ndipo muuza mikate mmoja alipopita kati ya maturubai, akamnong'oneza Ntumba: "Kabemba anasema, Siku ya Posho banakuya. Anasema, batafuata namba ile mulibeba."

Ntumba aliingia ndani ya shuka zake akaketi, akihesabu siku zilizobaki hadi Jumamosi. Ndaya alikuwa anachambua majani ya muhogo, sombe, mikono yake ikasimama.

"Batakuya kweli, mama?"

"Banasema."

"Na mbuzi?"

Kwao, mambo mengine yote ya doti yangeweza kungoja, hata miaka. Mbuzi wa mama hangoji. Ni mbuzi wa mgongo uliombeba mtoto, na msichana hawezi kuitwa ameolewa mpaka mama yake ashike kamba ya mbuzi huyo kwa mkono wake, mbele ya mlango wake. Sasa nani angevuta mbuzi mchana, katikati ya mji, mbele ya vijana waliokuwa wakipiga filimbi kila wakimwona mtu akielekea stesheni? Na gari moshi je? Likija kabla ya Siku ya Posho, Ndaya atapanda akiwa mchumba tu, na uchumba wa kilomita zile zote hautadumu hata mvua moja. Ntumba alijua. Ndaya naye alijua, ndiyo maana alikuwa akichambua sombe lile lile mara ya pili.

*

Kibao kilizaa vibao. Asubuhi iliyofuata mtu mmoja alimjia Tshilombo, akafungua mfuko wake wa unga kwa aibu, akatoa namba 12. Naye alikuwa ameing'oa. Kisha wa 308. Kisha mwalimu mmoja aliyebeba kibao kizima cha darasa la tano. Waliokosa vibao waliandika kwa mkaa juu ya mifuniko ya ndoo. Tshilombo alikata waya, akafunga, akakunja mikia, hakudai kitu. Kabla ya juma kwisha, uzio wote ulikuwa na namba: 12 jirani ya 308, jirani ya 5, jirani ya darasa la tano. Watu wakaanza kupelekana salamu. "Muko namba ngapi?" "Tuko mia tatu na nane, pa robinet ya maji." Hata wale waliokuwa wamenyamaza tangu wafike walianza kutaniana kwamba mtaa wao una kelele.

Mtu mmoja tu alikataa msaada: Tata Beya, dereva wa kreni kutoka mtaa wa Musonoi, aliyekaa nguzo chache mbele, karibu na barabara.

"Kufunga waya!" alisema Beya. "Mi nilikuwa nabeba chuma ya tani makumi, leo banifundishe kufunga waya?"

Alifunga mwenyewe, chini kwenye nguzo, namba ikitazama barabara. Mkia ukabaki nje, umesimama kama sharubu za paka. Jioni ile Ntumba alipita na ndoo kichwani, mkia ukashika kitenge chake kizuri, ile pagne aliyoitunza kwa ajili ya wakwe, ukaichana kutoka kiunoni hadi gotini. Wanawake wa kwenye robinet walicheka. Ntumba naye alicheka nao, lakini alipofika nyumbani alilia kidogo huku akitafuta sindano ya kuazima.

"Mukia inje," alisema Tshilombo kwa huzuni, kama daktari.

"Tata Ndaya, mi nalilia pagne, we unalilia waya?"

Kwa sababu ya pagne, wala mke wala mume hakuuliza kibao chenyewe cha Beya kilikuwa namba gani. Kama wangeuliza, wangeambiwa kwamba Musonoi nako kulikuwa na nyumba ya arobaini na saba.

*

Siku ya Posho, gari moshi lilikuwa halijafika bado. Ntumba aliamka akafagia udongo mbele ya nguzo mpaka ukawa laini kama unga. Pagne ilikuwa imeshonwa; kovu lake alilificha kwa mkunjo. Viti vilikuwa viwili, vya kuazimwa, na ndoo mbili zilizogeuzwa. Munkoyo, kinywaji cha unga wa mahindi, ulikuwa kwenye kibuyu. Ndaya alifichwa nyuma ya shuka kama inavyotakiwa, akichungulia kwenye tundu kama isivyotakiwa.

Kabla ya saa sita, watu wakaanza kupiga kelele upande wa barabara. Wakwe walikuwa wanakuja.

Mbele alitembea Tata Mwenze, baba wa Kabemba, mwenye kofia na koti jeusi katika joto lile. Nyuma yake dada yake, Mama Agnès, mwanamke mnene aliyekuwa akiwapungia mkono watu asiowajua kana kwamba arusi ni yake. Katikati yao mbuzi mweupe, jike, kamba mpya shingoni. Mwishoni Kabemba, kichwa chini. Vijana wa filimbi walikuwa wamewafuata mpaka mlangoni mwa stesheni.

"Ee mzee! Munapeleka mbuzi kwa bilulu?"

"Kwa mukaza mwana wangu!" Mama Agnès aliwajibu kwa sauti ya sokoni. "We bakikupa binti, utapeleka nini? Filimbi?"

Watu wakaangua kicheko, hata mmoja wa wale vijana. Ntumba alisikia yote kutoka kwenye nguzo yake, moyo ukamjaa. Wamekuja. Alijipanga, akashusha macho, akangoja.

Alipoinua macho, wakwe wake walikuwa wameinama na kuingia kwenye turubai la Beya.

"Yesu wangu," alisema Ntumba.

Kosa lilikuwa rahisi. Ukitoka barabarani, arobaini na saba ya kwanza kuiona ilikuwa ya Musonoi. Tata Mwenze hakuwahi kumwona Ntumba. Mama Agnès vilevile, na Beya, ambaye wangemwona si Tshilombo, alikuwa kwenye foleni ya mkate. Kabemba ndiye pekee aliyemfahamu, na Kabemba ndiye pekee asiyeruhusiwa kuangalia: kijana haangalii uso wa mama wa mke wake, hasa siku ile. Aliingia akitazama ardhi, akaketi akitazama ardhi. Na mke wa Beya, Mama Tshiela, naye alikuwa na binti, Mujinga, ambaye mchumba wake alipotea tangu fujo zianze. Kila siku Tshiela alikuwa akimwomba Mungu yule kijana akumbuke. Alipoona koti jeusi, mbuzi na kijana aliyeinamisha kichwa, aliweza kuuliza nini? Alipiga vigelegele.

Ntumba alivisikia vigelegele vyake vikitoka katika mdomo wa mwanamke mwingine.

"Tata Ndaya! Enda!"

"Siwezi."

"Enda ubaambie!"

"Mama Ndaya, mutu anaendaka kuita doti? 'Kuyeni, mulete mbuzi, binti iko hapa'? Batatucheka mpaka Kananga."

Alisema kweli, na Ntumba alijua ni kweli. Mwenye binti hatoki mlangoni pake kufuata wakwe. Nguzo ile ndiyo mlango wao. Wakiiacha, watakuwa ombaomba wanaouza mtoto stesheni. Nyuma ya shuka Ndaya alikuwa analia waziwazi.

"Mama, banakaa! Banabapa viti! Beko na viti ine!"

"Nyamaza, nimeona viti."

"Mama, ule mama anatoa kisu!"

Kweli. Mama Tshiela, kwa furaha yake, alikuwa ananoa kisu juu ya reli. Ntumba alimshika mumewe mkono, akasahau kwamba watu wanaona.

"Tata Ndaya, banachinja mbuzi yangu."

Tshilombo alikuwa ametulia. Alikuwa amekunja macho kama anavyopima mstari wa nguzo.

"Ngoja," alisema. "Bameketisha muchumba pa nguzo."

"Na halafu?"

"Anaangalia chini. Namba ya Beya iko chini. Ataona mukia."

"Mukia ya nini?"

"Ya waya."

Ntumba alitaka kumjibu jambo ambalo mke hamjibu mumewe siku ya arusi. Lakini akatazama. Aliona kichwa cha Kabemba, kimeinama bado. Aliona kichwa hicho kikigeuka kidogo upande wa nguzo. Mkono ukatoka, polepole, kidole kikagusa ncha ya waya. Kikajichoma. Kijana akakitia kidole mdomoni, akakaa hivyo kidogo. Kisha akasimama wima, na kwa mara ya kwanza akainua uso na kumtazama Mama Tshiela moja kwa moja.

"Baba, tusimame," alisema Kabemba. "Hapa si kwa Tata Tshilombo. Hii waya haikufungwa na yeye."

"Namba ni arobaini na saba," alisema Tata Mwenze.

"Namba ni ya kweli. Mukia iko inje."

Mama Tshiela alibaki na kisu mkononi, mdomo wazi, na uso wake ukanywea taratibu. Alielewa kabla hajaambiwa. Mama Agnès, aliyekuwa na mdomo mpana na moyo mpana zaidi, alimshika bega.

"Mama, umetupokea muzuri. Arusi ya binti yako, mi mwenyewe nitakuya, na sitaomba njia."

Sasa uzio wote ulikuwa umejua. Watu walisimama kwenye namba zao, kutoka 12 hadi darasa la tano, wakicheka, wakipiga makofi, wakionyesha njia kwa vidole: "Kule! Kule! Arobaini na saba ya kweli!" Wakwe walitembea kati yao mbuzi akigoma kila hatua, na walipofika mbele ya udongo uliofagiwa, Kabemba alipitisha kidole nyuma ya kibao. Kidole kikatoka kizima.

"Ni hapa," alisema, akainamisha kichwa tena.

Mama Agnès alimwekea Ntumba kamba mkononi. Ntumba alikuwa ameandaa maneno, ya Kiluba na ya Kiswahili. Yote yalimpotea. Aliishika tu kamba kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa usukani wa lori, na mbuzi akaanza kula mkunjo wa pagne uliokuwa unaficha kovu.

Alipopata sauti, alimgeukia Ndaya. "Enda umuite Mama Tshiela. Akuye na viti bine, na Mujinga. Tutakaa pamoja."

Mama Tshiela alikuja macho yakiwa mekundu. Alitaka kuomba msamaha; Ntumba alimpa kibuyu cha munkoyo ashike. Nyuma yake akaja Beya, aliyerudi na mkate akakuta nyumba yake imemwoza binti na kumrudisha kabla yeye hajafika.

"Tata Tshilombo," alisema, akikohoa. "Ile koleo yako. Uniazime."

*

Walikuwa hawajakunywa nusu ya kibuyu gari moshi lilipolia upande wa Musonoi.

Watu wote waliinuka kama nyasi. Watoto waliitwa, vifurushi vikafungwa. Ntumba alimshika Ndaya. Arusi imekuwa, lakini bibi-arusi huenda kwa mumewe akisindikizwa, wanawake wa kwao wakimwimbia mpaka mlangoni. Nani atamsindikiza? Watu wake wote wanapanda.

"Mukwe," alisema Tata Mwenze, "hapa Kolwezi kazi imekwisha, hata kwetu. Kabemba atamupeleka muke wake Lubudi, kwa nyanya yake. Mashamba iko."

"Lini?"

Mama Agnès aliangalia gari moshi lililokuwa likiingia, mabehewa marefu ya mizigo, kisha akamwangalia Ntumba, akaanza kucheka.

"Mama! Hii gari inapita wapi? Si Lubudi? Hawa bote banapanda na bibi-arusi. We ulitaka basindikizaji ngapi?"

Tshilombo alikata waya, akavua kibao. Kwenye behewa waliingia Ndaya na Kabemba, Mwenze na dada yake, akina Beya, mbuzi, viti vinne, na mtaa mzima. Habari ilipita kutoka behewa hadi behewa kwenye kila kituo, hata watu ambao hawakumjua Ndaya wakajua kwamba wanasindikiza. Kulikuwa na jua kali ndani ya vile vyuma, na maji machache, na wazee waliokuwa wameanza kuugua. Waliimba hata hivyo. Mara nyingine wimbo ulififia behewa moja ukaokotwa na lingine.

Watu wa Lubudi walikuwa wamezoea kuona magari ya waliofukuzwa yakipita kimya, na kufunga milango. Siku hiyo walisikia vigelegele kabla ya kuona moshi. Walitoka. Gari moshi liliposimama kuvuta pumzi, wanawake walishuka kwa mamia, wakacheza vumbi likapanda, wakamtoa Ndaya wamembeba mikononi na kumweka mbele ya mwanamke mzee mwenye jembe begani, nyanya wa Kabemba, ambaye hakuwa ameambiwa lolote.

"Ni wangu?" aliuliza yule mzee.

"Ni wako!" umati ukajibu.

Tshilombo hakucheza. Alikuwa kwenye nguzo ya mwisho ya uzio wa stesheni, reli ya zamani kama zile za Kolwezi. Alipitisha waya wa kibao mara mbili, akasokota, akakunja mkia ndani.

"Hapa tena?" Ntumba alimuuliza, kamba ya mbuzi mkononi. "Nyumba iko wapi?"

"Hapa ni kwa we kujua pa kushukia," alisema, akarudisha koleo mfukoni.

*

Wengi waliocheza pale hawakufika mbali. Njia ilikuwa ndefu, na makaburi mengine yalichimbwa kando ya reli bila kibao chochote. Tata Tshilombo alifika Mwene-Ditu, huko Kasai, akafunga uzio wa parokia, akazikwa ndani yake kabla ya mvua za mwaka wa pili. Mujinga aliolewa huko huko, na Mama Agnès alituma kitenge, kwa kuwa njia ilimshinda. Mbuzi mweupe alizaa mara nyingi. Watoto wake Ntumba aligawana na Tshiela.

Miaka ilipita kabla Ntumba hajaweza kupanda tena gari la kurudi kusini. Liliposimama, dirisha lilikuwa la vumbi, na jina la stesheni lilikuwa limefutika. Abiria mmoja alisema hapa ni Lubudi, mwingine akasema bado. Ntumba alishuka. Alitembea kando ya uzio hadi nguzo ya mwisho. Rangi ya buluu ilikuwa imeliwa na kutu, na ile saba ilikuwa nusu tu. Alipitisha kidole nyuma ya kibao, taratibu, akafuata mizunguko: mmoja, wa pili, wa tatu, na mkia ndani, umelala kama ulivyolazwa.

Akakitoa kidole, kizima.

"Nyanya!" sauti ndogo iliita kutoka upande wa mashamba. "Mama anasema utakuwa pa namba!"

"Niko pa namba," alijibu Ntumba, akaokota mzigo wake.